Baada ya Bwana Msa, Nani? Namna ya Kumpata Mpelelezi Wako Mwingine

Vitabu vya Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Kiswahili, ni saba. Mtunzi wake, Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alifariki mwaka 1991, na mfululizo wake ukafungwa na Kosa la Bwana Msa. Ben Mtobwa, aliyetupa mpelelezi Joram Kiango, alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka hamsini tu. Elvis Musiba naye katutoka, na jasusi wake Willy Gamba kaishia pale alipomwacha. Kwa hiyo mpenzi wa riwaya za upelelezi za Kiswahili hufika siku akafunga kitabu cha mwisho, akatazama rafu, akakuta mtu wake hana kingine. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya siku hiyo.

Ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo moja: usitafute "riwaya nzuri ya upelelezi". Jina hilo limebeba vitu visivyofanana hata kidogo. Aliyempenda Bwana Msa akipewa Willy Gamba anaweza kuchoka kwenye ukurasa wa ishirini, na hapo kitabu hakina kosa wala msomaji hana kosa. Tafuta kile hasa kilichokushika, kisha umtafute mwandishi mwingine anayekitoa.

Hatua ya kwanza: jua ulichokuwa unakifuata

Chukua riwaya moja iliyokunyima usingizi. Usijikumbushe hadithi nzima. Kumbuka kile kipande ambacho ungemsimulia rafiki kwanza, maana hicho ndicho kitakachokuambia wewe ni msomaji wa aina gani.

Kama unachokumbuka ni kikao cha mwisho, watu wamekusanywa, mpelelezi anaeleza dalili moja baada ya nyingine, nawe unarudi nyuma kutafuta mahali ulipopumbazwa, wewe ni mtu wa fumbo. Swali lako ni: nani kafanya, na huyu kajuaje? Kama unachokumbuka ni magari yanafukuzana, chumba cha hoteli kimepekuliwa, shujaa kafungwa kamba na saa inakwenda, wewe ni mtu wa msako. Swali lako ni: atatokaje hapa? Na kama kilichokubakia ni mji wenyewe, ofisi zilizooza kwa rushwa, msichana aliyeingia jijini na kigunia kimoja, au muuaji ambaye ulikaribia kumwonea huruma, wewe ni mtu wa jamii. Uhalifu unakuvuta kwa sababu unafichua watu wanavyoishi.

Wengi wetu tuna mchanganyiko wa mbili, lakini moja hutangulia. Mimi ni mtu wa fumbo, na utaliona hilo katika mwongozo huu. Nimejitahidi kuwatendea haki wengine.

Ongeza na mambo madogo. Unataka mpelelezi awe polisi, jasusi wa serikali, au raia mwenye akili tu? Unavumilia damu kiasi gani? Unapenda mahaba katikati ya kesi, au yanakukera? Mambo haya hayaandikwi kwenye jalada, na mara nyingi ndiyo yanayomfanya mtu aache kitabu njiani. Yaandike kwenye daftari au kwenye simu. Mistari mitatu inatosha.

Hatua ya pili: maliza za nyumbani kwanza

Naipa hatua hii nafasi kubwa kwa sababu wasomaji wengi wa Kiswahili huruka moja kwa moja kwenda kwa waandishi wa Ulaya na Marekani, ilhali hawajasoma hata nusu ya vilivyoandikwa kwa lugha yao.

Mtu wa fumbo aanze na Abdulla, na kama alisoma kimoja tu zamani shuleni, arudi. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, ikachapishwa 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Kabla ya kuwa mwandishi wa habari Abdulla alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya, na huwa nadhani jicho la mkaguzi halikumtoka: Bwana Msa, na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni, huona kile ambacho wengine wamekipita.

Watu husema Abdulla alimfuata Sherlock Holmes, mpelelezi wa vitabu vya Conan Doyle. Umbo ndilo hilo, lakini alichokijenga ndani yake ni chake. Huchukua jambo ambalo watu wa visiwani wanaliogopa kweli, mzimu, uchawi wa Giningi, halafu akaliacha lizagae mpaka kila mtu kijijini ana maelezo yake. Bwana Msa anakuja na maswali ya kawaida tu: nani alikuwa wapi, nani anafaidika, nani mtoto wa nani. Hilo la mwisho lishike sana. Siri za Abdulla hupenda kukaa katika nasaba, majina yaliyobadilishwa na ndoa zilizofichwa. Soma na karatasi pembeni, uchore nani kamzaa nani. Utafurahi maradufu, na pengine utamwahi Bwana Msa.

Kwa msomaji wa bara, Kiswahili chake cha Unguja kinaweza kuwa kizito kurasa za mwanzo. Kivumilie. Baada ya sura mbili sikio huzoea, na ndipo utakapoanza kuona utani uliojificha kwenye mazungumzo.

Ukitoka kwa Abdulla, daraja la kuvukia ni Faraji Katalambulla. Simu ya Kifo, iliyotoka 1965, inahamisha mauaji kutoka visiwani kwenda Dar es Salaam yenye simu, magari na polisi wa kweli, na Inspekta Wingo anafanya kazi kwa mwendo wa haraka kuliko Bwana Msa. Ni kitabu chembamba. Mtu asiyejua kama yeye ni wa fumbo au wa msako ajipime nacho.

Mtu wa msako ana karamu yake kwa Musiba. Kufa na Kupona ilitoka 1974, Kikosi cha Kisasi 1979, na Njama 1981. Willy Gamba ni jasusi, na maadui zake hawako mbali na historia: tangu 1963 makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika yalikuwa Dar es Salaam, na mji ulijaa wapigania uhuru, wapelelezi na wasaliti. Musiba aliandika kutoka katikati ya joto hilo. Ndiyo maana vitabu vyake vinasomeka tofauti na vya Ian Fleming, mtunzi wa James Bond, ambavyo hulinganishwa navyo. Wanawake warembo na bastola vipo pande zote mbili, lakini kinachopiganiwa kwa Musiba ni uhuru wa nchi za jirani.

Mtobwa alikuja baadaye kidogo na shujaa asiye mwajiriwa wa mtu. Joram Kiango hana ofisi ya serikali. Polisi wanamhitaji na wanamchukia kwa wakati mmoja, na Inspekta Kombora ndiye anayebeba mzigo huo. Nuru, mwenzi wa Joram, ni miongoni mwa wanawake wachache katika riwaya hizi wanaopewa akili na kazi ya kufanya. Anza na Salamu Kutoka Kuzimu, kisha Tutarudi na Roho Zetu?, ambayo inawapeleka kwenye mapambano na utawala wa makaburu.

Mtu wa jamii naye amtafute Mtobwa huyo huyo, ila kwa kitabu kingine: Dar es Salaam Usiku. Joram hayumo. Yumo Rukia, na jiji, na pesa. Halafu amtafute Hammie Rajab, aliyekuwa pia mtengenezaji filamu, na Eddie Ganzel.

Usidhani kazi hii ilikufa na wazee hao. Hussein Tuwa ameandika Mkimbizi, Utata wa 9/12 na Mdunguaji, miongoni mwa nyingine, na Kiswahili chake ni cha mtu wa leo. Kwa anayempenda Musiba, Tuwa ndiye ningemtaja kwanza.

Hatua ya tatu: panga utaratibu kabla ya kufungua

Mfululizo si lazima usomwe kwa mpangilio, lakini lazima ujue lini mpangilio una maana. Kanuni yangu ni rahisi: kama mpelelezi habadiliki, soma unachokipata, kama maisha yake yanasonga mbele, fuata miaka.

Bwana Msa ni yule yule kitabu hadi kitabu, kwa hiyo usimngoje Mzimu kama mkononi una Siri ya Sifuri. Kimoja tu ukiweke mwisho, nacho ni Kosa la Bwana Msa. Jina lake peke yake linakuahidi kitu ambacho hakina uzito kwa mtu asiyemjua Bwana Msa. Willy Gamba afuatwe kwa miaka, maana siasa za kusini mwa Afrika zinasogea nyuma yake. Joram na Nuru vilevile, kwa ajili ya Nuru.

Angalia ukurasa wenye maelezo ya uchapishaji, ule unaokuja baada ya jina la kitabu. Vitabu vingi vya zamani vimechapishwa upya mara kadhaa na kampuni tofauti, na mwaka mkubwa unaouona huenda ni wa toleo jipya. Tafuta mstari unaosema kilichapishwa mara ya kwanza lini.

Hatua ya nne: zipate nakala

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na mara nyingi ni kwa sababu wametafuta kwa jina moja tu. Majina ya waandishi wetu yameandikwa kwa namna nyingi. Muhammed Said Abdulla utamkuta kama Mohamed, kama M. S. Abdulla, na wakati mwingine Abdulla imeongezwa h mwishoni. Musiba ni A. E. Musiba, Elvis Musiba au Aristablus Elvis Musiba. Mtobwa ni Ben R. au Ben tu. Jaribu zote, kisha tafuta kwa jina la kitabu, halafu kwa jina la mhusika. Muuza vitabu wa barabarani anaweza asijue Musiba ni nani, lakini umtajie Willy Gamba uone.

Kwenye maktaba, nenda na namba. Maktaba zinazotumia mpango wa Dewey, wa kupanga vitabu kwa namba, huweka fasihi ya Kiswahili kwenye 896.392, na riwaya za Kiingereza kwenye 823, ingawa nyingine huwa na rafu tofauti ya hadithi. Ukisimama mbele ya 896.392 katika Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, au katika tawi la maktaba ya taifa huko Kenya, pitia rafu nzima kwa macho, kitabu kwa kitabu. Riwaya za upelelezi hazina alama yoyote mgongoni. Utazijua kwa majina ya waandishi uliyoyaandika. Mkutubi akikuambia kitabu hakipo, muulize kwa heshima kama kuna stoo au chumba cha vitabu vya zamani, maana nakala za miaka ya sabini mara nyingi huhifadhiwa huko.

Walio Ulaya na Marekani wana njia yao. Katalogi ya WorldCat inaonyesha ni maktaba gani duniani yenye nakala, na vyuo vinavyofundisha Kiswahili, kama SOAS ya London, vina mikusanyo mikubwa. Maktaba ya mtaani kwako inaweza kukuombea kitabu kutoka maktaba nyingine. Omba huduma hiyo, hata kama mhudumu hajawahi kusikia Kiswahili.

Kwa vitabu vya mitumba, vile vinavyotandazwa chini pembezoni mwa barabara, Nairobi wanaita duka la inama, fanya ukaguzi huu kabla ya kutoa pesa. Fungua mwisho wa kitabu, lakini usisome. Tazama namba ya ukurasa wa mwisho, na uangalie kama gundi au uzi pale mgongoni umechanika. Riwaya nyingine ikipungukiwa kurasa nne bado utaielewa; riwaya ya fumbo ikipungukiwa kurasa nne za mwisho umenunua mateso. Kisha pekua katikati uone kama namba zinafuatana, kwa sababu karatasi za zamani huchomoka kwa mafungu. Mwisho, tazama ukurasa wa mbele: kuna wasomaji waliokuwa na tabia mbaya ya kuandika jina la muuaji kwa kalamu pale juu. Mwombe muuzaji aangalie yeye, akuambie tu kama kuna maandishi.

Hatua ya tano: vuka mpaka na jibu lako mkononi

Sasa ndipo lile jibu la hatua ya kwanza linapolipa. Kama unasoma Kiingereza, dunia ni pana mno, na bila jibu hilo utazama.

Mtu wa fumbo, njia yako ya kwanza ni Agatha Christie. Wapelelezi wake ni wawili hasa, Poirot mwenye riwaya 33 na Miss Marple mwenye 12, kwa hiyo chakula kipo cha miaka. Lakini soma The Murder of Roger Ackroyd ya 1926 mapema, kabla mtu hajakuharibia kwa mdomo, na Curtain iwe ya mwisho kabisa ya Poirot. Kwa Sherlock Holmes, riwaya 4 na hadithi fupi 56, anza na hadithi fupi. Humo ndimo Conan Doyle alimong'ara. Muda wa hakimiliki yake umepita, na Project Gutenberg wanatoa vitabu vyote bure, huku LibriVox wakiwa na sauti za wasomaji wa kujitolea. Mtu mwenye simu na bando dogo anaweza kumaliza Holmes wote bila kulipia kitabu.

Baada ya hapo nakusihi uende Japani. Huko fumbo limetunzwa kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Seishi Yokomizo aliandika The Honjin Murders miaka ya arobaini, mauaji ndani ya chumba kilichofungwa, theluji nje haina nyayo. Yukito Ayatsuji alilifufua fumbo la namna hiyo mwaka 1987 kwa The Decagon House Murders. Ukoo, heshima ya familia, siri za ndoa: msomaji wa Abdulla atajikuta nyumbani kwa Yokomizo haraka sana, na ni uhusiano ambao sijaona ukisemwa vya kutosha.

Mtu wa msako anaweza kushika John le Carré au Frederick Forsyth. The Day of the Jackal ya Forsyth, 1971, ni msako mtupu; tangu mwanzo unajua nani anataka kumuua nani, na bado pumzi inakatika. Le Carré ni mzito zaidi, na kitabu chake The Constant Gardener kinaanzia Kenya. James Hadley Chase, ambaye vitabu vyake vilijaa kwenye meza za mitumba za Afrika Mashariki, alikuwa Mwingereza aliyeiandika Marekani kwa kutegemea ramani na kamusi za lugha ya mitaani. Vitabu vyake vingi vinajitegemea, kwa hiyo hahitaji mpangilio. Ukimsoma yeye kisha Mtobwa utasikia mwangwi, na utaona pia mahali Mtobwa alipomwacha.

Mtu wa jamii ndiye mwenye bahati Afrika. Mukoma wa Ngugi ana Nairobi Heat ya 2009 na Black Star Nairobi ya 2013, mpelelezi mweusi kutoka Marekani anayekuja Kenya na kukuta kwamba rangi yake haimfanyi mwenyeji. Richard Crompton alimweka mpelelezi wa Kimaasai aitwaye Mollel ndani ya Nairobi ya uchaguzi wa 2007. Kwei Quartey ana Darko Dawson wa Accra, na baadaye Emma Djan. Michael Stanley, ambao kwa kweli ni watu wawili wanaoandika pamoja, wana Kubu wa Botswana. Deon Meyer anaandika kwa Kiafrikana na hutafsiriwa. Benny Griessel wake wa Cape Town anapigana na pombe kama anavyopigana na wahalifu, na huyu lazima umsome kwa mpangilio.

Ukitaka chimbuko la aina hii, nenda Sweden. Maj Sjöwall na Per Wahlöö waliandika vitabu 10 vya Martin Beck kati ya 1965 na 1975, kimoja kila mwaka au karibu yake, wakiwa na nia iliyo wazi ya kuichunguza jamii yao. Visome kumi vyote kwa utaratibu, kuanzia Roseanna. Henning Mankell aliyewafuata aligawa maisha yake kwa miaka mingi kati ya Sweden na Maputo, akiongoza kundi la maigizo huko, na Afrika haiko mbali katika kazi zake.

Anayetaka upole, bila damu wala matusi, Alexander McCall Smith na mpelelezi wake Mma Ramotswe wa Gaborone wapo tangu 1998. Kesi ni ndogo ndogo. Wazazi wangu wangevipenda.

Hatua ya sita: fuata mchapishaji na mfasiri

Hii ni fupi lakini ina faida kubwa. Ukipenda kitabu, tazama nani alikichapisha, kisha tafuta orodha yake nzima. Pushkin Vertigo wanachapisha mafumbo yaliyotafsiriwa kutoka Japani, Ufaransa na kwingineko. British Library Crime Classics wanafufua waandishi wa Uingereza waliosahaulika. Kwa Kiswahili, East African Educational Publishers na Mkuki na Nyota wana orodha zinazostahili kupitiwa jina kwa jina.

Tuzo pia husaidia, ukijua zinapima nini. Edgar ya Marekani na Dagger ya Uingereza ni za aina hii hasa. Tuzo za Kiswahili, kama ile ya Safal-Cornell ambayo Mukoma ni mwanzilishi mwenza, au Tuzo ya Mwalimu Nyerere iliyoanza kutolewa 2023, ni za uandishi bunifu kwa jumla. Mshindi anaweza asiwe na maiti hata moja.

Nyota zinazotolewa na wasomaji kwenye tovuti kama Goodreads zinafaa kwa vitabu vya Kiingereza vyenye maelfu ya maoni. Kwa riwaya ya Kiswahili yenye maoni matatu hazina maana yoyote. Usimhukumu Katalambulla kwa hizo.

Hatua ya saba: uliza kwa namna itakayokupa jibu

"Kaka, una riwaya nzuri?" ni swali litakalokupa kile ambacho muuzaji anataka kukiondoa mezani. Sema hivi: "Kaka, nimemaliza Mzimu wa Watu wa Kale, nimependa jinsi alivyoficha muuaji. Sitaki bastola nyingi. Una nini?" Umetaja kitabu, umetaja ulichokipenda, umetaja usichokitaka. Hata kama hana, atakuelekeza kwa mwenzake wa kona ya pili.

Wazee waliokuwa vijana miaka ya sabini na themanini ni hazina ambayo haitumiki. Muulize mjomba, shangazi, mwalimu mstaafu: "Shikamoo mzee, zamani mlikuwa mnagombania riwaya gani?" Utapata majina ambayo hayapo kwenye katalogi yoyote, na pengine nakala yenyewe chini ya kitanda. Mwombe tu asikusimulie mwisho.

Hatua ya nane: mpe kila mwandishi mpya kurasa hamsini

Nakushauri usimwache mwandishi mgeni kabla ya kurasa hamsini, wala usimng'ang'anie baada yake kama hakukushika. Ila upime kwa kipimo cha aina yake.

Riwaya ya fumbo, kufikia hapo, iwe imekuonyesha aliyekufa au atakayekufa, washukiwa wasiopungua watatu, na angalau jambo moja lisilokaa sawa. Mwaka 1929 padri Mwingereza Ronald Knox, naye mwandishi wa riwaya hizi, aliweka kanuni kumi, na tatu bado ni kipimo kizuri: mhalifu atajwe mapema, pepo na miujiza visiwe jibu, na kila dalili anayoipata mpelelezi msomaji aoneshwe. Mpime Abdulla kwa hiyo ya pili. Vitabu vyake vimejaa hofu ya mizimu, na jibu siku zote ni binadamu.

Riwaya ya msako iwe imekuambia nani anataka nini na muda umebaki kiasi gani. Kama kuna risasi nyingi na bado hujui zinapigwa kwa ajili gani, iweke. Riwaya ya jamii ipimwe kwa mahali: unaweza kusema mtu huyu anakula nini, analala wapi, anamwogopa nani?

Andika matokeo kwenye lile daftari. Jina la mwandishi, kitabu, ulikoachia, na kwa nini. Usipoandika "kwa nini", baada ya mwaka utamnunua tena yule yule.

Hatua ya tisa: simulizi za simu

Vijana wengi sasa wanaandika upelelezi kwa vipande, wakivituma kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook, sehemu za kwanza bure, zinazofuata kwa malipo kidogo kwa simu. Kuna wenye vipaji humo, na ndiko baadhi ya majina ya kesho yatakakotoka. Kuna pia wanaoiba kazi za wengine na kubadilisha majina ya wahusika.

Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: je, hadithi imekwisha kuandikwa, au anaandika huku anatuma? Na je, ana nyingine aliyoimaliza? Fumbo linaloandikwa huku likitumwa mara nyingi hupoteza dalili zake njiani, kwa sababu mwandishi mwenyewe bado hajajua muuaji ni nani. Msako huvumilia namna hiyo vizuri zaidi. Lipia sehemu chache, si zote. Ukimpata anayekushika, mlipe bila kusambaza vipande vyake kwa wengine, na umwambie kwa maneno ni kipande gani kilikukosesha usingizi. Mwandishi wa simu husikia wasomaji wake siku hiyo hiyo, na sehemu inayofuata huenda ikaandikwa kwa kukufikiria wewe.